Dirisha la njano nililolibofya bila kusoma jina

Nina steshenari Morogoro, mwendo wa dakika chache kutoka stendi ya Msamvu. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nabaindi ripoti za wanachuo, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika nashinda na vijana wenye vyeti vya kuzaliwa mkononi kuanzia saa mbili asubuhi hadi giza linaingia. Kazi yote hiyo inapita kwenye kompyuta mbili. Mwaka 2022, mwezi wa nane, nilipoteza karibu kila kitu kilichokuwa kwenye ile kubwa, kazi ya miaka sita, kwa sababu ya faili moja nililolipakua na kulifungua bila kujiuliza limetoka kwa nani. Naandika kwa ajili ya wenye steshenari wenzangu, makatibu muhtasi, walimu wanaotunza matokeo ya shule nzima kwenye kompyuta moja, na yeyote anayeamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba mambo haya yanahusu mabenki tu.

Ilianza na printa. Nilikuwa nimenunua printa ya leza ya mtumba, mashine nzuri, ila haikuja na sidii yake. Kompyuta kubwa nayo ilikuwa imetoka kuwekewa Windows upya, kwa hiyo driva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, haikuwemo. Wateja walikuwa wamejaa hadi barazani. Nikaandika jina la printa mtandaoni pamoja na neno driva, nikabofya jibu la kwanza kabisa. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba lile la juu lilikuwa tangazo lililolipiwa, na pembeni yake palikuwa na neno dogo linalosema hivyo. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na picha ya printa yangu, ileile, na vitufe vitatu vikubwa vya kijani vya kupakulia. Anwani ya tovuti haikuwa ya kampuni iliyotengeneza printa. Ilikuwa na jina la kampuni hiyo, kisha kistari, kisha maneno mengine. Niliiona anwani hiyo kwa macho, sikuisoma.

Likashuka faili la zipu, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja, lililofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa palepale: 1234. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba antivairasi inaweza kulishuku faili hili kimakosa, hivyo ni vyema kuizima kwanza. Leo nikiikumbuka sentensi hiyo tumbo linanisokota. Zipu likifungwa kwa nywila, antivairasi haiwezi kuchungulia ndani wakati linapakuliwa. Nywila inayotangazwa kwa kila mtu haimzuii mtu yeyote kuingia, inaizuia antivairasi peke yake. Kama utachukua kitu kimoja tu katika maelezo haya marefu, chukua hiki: kampuni inayotengeneza printa haina sababu yoyote ya kukupa driva iliyofungwa kwa nywila, wala ya kukuomba uzime ulinzi wako.

Niliizima. Nikafungua zipu, nikabofya faili la ndani mara mbili. Skrini ikafifia, likatokea dirisha lenye mstari wa njano juu, likiuliza kwa Kiingereza kama naruhusu programu kutoka kwa "unknown publisher", yaani mchapishaji asiyejulikana, ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yangu. Madirisha ya namna hiyo nilikuwa nimeyaona mara zisizo na hesabu. Mkono wangu ulijua kitufe cha "Yes" kilipo hata bila msaada wa macho. Nikabofya.

Printa haikuamka. Badala yake likaja dirisha jingine, la rangi na maandishi kama ya Windows, lenye asilimia zinazopanda taratibu, likisema mfumo unajisasisha. Nikawaomba wateja radhi, nikahamia kwenye kompyuta ndogo, nikaendelea na kazi. Halikuwa sasisho. Nyuma ya lile dirisha mafaili yangu yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na mimi nimekaa hatua mbili kutoka pale nikisubiri kwa subira kazi imalizike.

Saa kumi jioni nilirudi kuchukua kadi ya mwaliko wa harusi niliyokuwa nimeisanifu asubuhi. Haikufunguka. Nikajaribu nyingine, nayo vilevile. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina, na alama zake zote zimekuwa karatasi nyeupe. Katika kila folda kulikuwa na faili moja jipya la maandishi linaloitwa "_readme.txt". Lilinieleza kwamba nyaraka zangu zimefungwa, kwamba ufunguo unauzwa dola 980, na kwamba nikiwasiliana nao ndani ya saa 72 nitapunguziwa nusu, nilipe 490. Kwa kiwango cha wakati ule hizo 980 ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Faida yangu ya mwezi mzuri haifiki huko.

Nilikuwa bado nimeshika mausi pale aliposimama mlangoni binti mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye ripoti yake ya utafiti nilikuwa nikiipanga na kuirekebisha kwa wiki nzima. Alitakiwa kuikabidhi Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. "Dada, imekuwa tayari?" Sikuweza kumdanganya. Alikaa kwenye benchi la wateja akalia kimyakimya, na mimi nikalia naye, mbele ya watu. Hilo ndilo linalonifanya nione aibu hadi leo, kuliko fedha.

Kosa langu la pili nilitaka kulifanya jioni ileile. Fundi wa jirani alisema dawa ni moja, kufuta diski yote na kuweka Windows upya, elfu arobaini. Alikuwa ameshachomeka flashi yake. Ndipo nikampigia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye kazi yake Dar es Salaam ni kulinda mifumo ya kompyuta ya ofisi. Akasema kwa haraka, "Shemeji, mzuie huyo fundi. Chomoa waya wa intaneti, zima kompyuta, usifute kitu, na hao watu usiwaandikie hata neno moja." Jumamosi asubuhi alipanda basi akaja.

Alipoona zile herufi na ile karatasi ya madai hakuhitaji muda. Alisema ni ya ukoo unaoitwa STOP, au Djvu, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiwapata zaidi watu wa kawaida kuliko makampuni, kwa sababu unasafiri ndani ya programu zilizovunjwa leseni na mafaili ya bure ya kughushi. Lile dirisha la sasisho bandia ni desturi yake. Kuna chombo cha bure cha kufungulia mafaili kilichotolewa na kampuni ya Emsisoft mwezi Oktoba 2019, lakini kwa matoleo mapya ya virusi hivi kinawasaidia wale tu ambao virusi vilishindwa kuwasiliana na seva ya wahalifu wakati vinafanya kazi. Hapo virusi hutumia ufunguo mmoja uliobebwa ndani yao, na watafiti wanaweza kuupata. Ukiwa na intaneti nzuri, kila kompyuta hupewa ufunguo wake peke yake. Namna ya kutambua ni kuangalia kitambulisho kilicho mwishoni mwa karatasi ya madai: kikiishia na t1, una matumaini. Changu hakikuishia na t1. Mchana ule nilikuwa nimetoka kununua bando kubwa ili kazi za wanafunzi zisikwame.

Tulichookoa ni video za harusi. Virusi hivi, ili viende haraka, hufunga sehemu ya mwanzo tu ya kila faili, takriban kilobaiti 150. Nyaraka fupi na picha zinaangamia, lakini video ya saa nzima inaweza kurekebishwa na ikachezeka. Harusi nane zilirudi hivyo. Ripoti, kadi, ratiba za mazishi, mitihani ya shule tatu za msingi, barua zote, hakuna kilichorudi.

Halafu kukawa na jambo ambalo sikulitarajia. Siku tatu baadaye mtu alifungua barua pepe yangu kutoka nchi nyingine, na ukurasa wa duka mtandaoni ukaanza kutangaza mikopo ya uongo. Mara nyingi virusi vya ukoo huu havitembei peke yao, vinakuja na mwizi wa nywila anayezoa kila ulichohifadhi kwenye kivinjari kabla ufungaji haujaanza. Tulibadilisha nywila zote kwa kutumia simu, si kwa kompyuta ile. Niliwapigia simu wateja ambao nakala za vitambulisho vyao zilikuwa kwenye mashine, mmoja mmoja, nikawaeleza. Wengine walinielewa. Wengine hawajarudi, na siwalaumu. Siku hizi hatuna hata kisingizio cha kutojua, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sisi wenye steshenari tunashika taarifa za watu pengine kuliko ofisi yoyote ya mtaa.

Sasa nije kwenye lile ambalo shemeji alinifundisha Jumamosi ile, tukiwa tumekaa sakafuni kati ya nyaya. Alichukua lile faili la driva bandia akaliweka kwenye kompyuta yake ndogo bila kulifungua. Akalibofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, akachagua "Properties". Akaniambia nisome vichupo vilivyo juu ya dirisha. Nikasoma. Kisha akaenda kwenye tovuti halisi ya kampuni ya printa, safari hii akiandika anwani yake mwenyewe, si kupitia matangazo, akapakua driva ya kweli, akalifungulia dirisha lilelile. Hapo kulikuwa na kichupo kimoja zaidi: "Digital Signatures". Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja wenye jina la kampuni iliyotengeneza printa, pamoja na tarehe na saa. Akaugusa, akabofya "Details", na juu kabisa pakaandikwa kwamba sahihi hii ni sawa.

Basi, ni hivyo tu. Nilihesabu, haifiki nusu dakika. Miaka sita ya kazi ilikuwa na thamani ya nusu dakika, na sikuitoa kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kichupo hicho kipo.

Nilimuuliza swali ambalo mwenye steshenari yeyote angeuliza. Mihuri naifahamu. Kila wiki anakuja mtu na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji, na mara chache anakuja mtu anayetaka nimtolee muhuri kwenye barua moja nimbandikie kwenye nyingine. Huwa nakataa, lakini najua kwamba kwa ufundi inawezekana. Je, kinachomzuia tapeli kunyofoa sahihi ya kampuni ya printa na kuibandika kwenye faili lake ni nini?

Jibu lake lilinifungua macho. Muhuri wa wino haujui barua inasema nini, utakaa juu ya karatasi yoyote. Sahihi ya kidijitali inatengenezwa kutokana na faili lenyewe. Kwanza kompyuta inalipitisha faili zima kwenye hesabu inayotoa namba moja ndefu inayoitwa heshi. Ukibadilisha herufi moja tu ndani ya faili, heshi nzima inabadilika. Kisha kampuni inaifungia heshi hiyo kwa ufunguo wa siri ilio nao yenyewe. Windows inapokagua, inapiga hesabu ile upya na kulinganisha. Ukiibandika sahihi kwenye faili jingine, hesabu hazikubaliani, na lile dirisha la "Details" litakwambia kwamba sahihi haikuthibitika. Ni kama muhuri ambao ungefutika wenyewe pale mtu anapoongeza nukta kwenye barua. Na ili kujua kwamba ufunguo ni wa kampuni hiyo kweli, kuna cheti, kinachotolewa na mamlaka za vyeti kama DigiCert, Sectigo au GlobalSign, ambazo kazi yake ni kuhakiki kwamba anayeomba ndiye anayejitaja. Mtendaji naye ana bosi anayemtambua.

Kwa hiyo sahihi inajibu maswali mawili: nani ameliweka jina lake hapa, na je, faili limeguswa tangu aliweke. Haijibu kama huyo mtu ni mwema. Hili nalisisitiza kwa sababu miezi michache baadaye lilikaribia kuniumiza tena, nikiwa tayari najiona mjuzi.

Nilikuwa natafuta programu ya kuhariri PDF. Nikapata moja ya bure, nikalikagua faili: kichupo kipo, sahihi ni sawa, dirisha la Windows lilipotokea lilikuwa la bluu na si la njano, na limeandika "Verified publisher". Mkono ukaenda kwenye "Yes" kwa mazoea. Kisha nikalisoma jina. Halikuwa jina la programu, wala la kampuni niliyoisoma kwenye tovuti yake. Lilikuwa jina la kampuni nyingine kabisa, na nilipolitafuta mtandaoni sikupata lolote zaidi ya malalamiko ya watu ambao kivinjari chao kilibadilishiwa ukurasa wa mwanzo na kuanza kumwaga matangazo. Mtu yeyote anaweza kusajili kampuni ndogo, akanunua cheti, akasaini takataka zake kihalali. Nikabofya "No", nikafuta faili.

Tangu hapo nimejizoeza kusoma jina na kujiuliza kama ndilo nililolitarajia. Hapa inabidi ujue kidogo, kwa sababu jina la mchapishaji si lazima lifanane na la programu. VLC ya kweli inasainiwa kwa jina la VideoLAN. Firefox inaandika Mozilla Corporation. LibreOffice, ambayo sasa ndiyo naitumia dukani badala ya programu zilizovunjwa leseni, inaandika The Document Foundation. Niliyaandika majina haya kwenye karatasi nikailamineti, imebandikwa ukutani juu ya kompyuta. Na soma herufi kwa herufi, maana herufi moja ikibadilishwa jina linakuwa la mtu mwingine.

Hata mamlaka za vyeti ziliwahi kudanganywa. Mwezi Januari 2001, VeriSign ilitoa vyeti viwili kwa jina la Microsoft Corporation kwa mtu aliyejifanya mfanyakazi wa Microsoft. Funguo nazo huibiwa: virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa mwaka 2010, vilitumia sahihi za kweli za Realtek na JMicron, makampuni mawili ya Taiwan. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Juni 2023 mamlaka za vyeti zinatakiwa kuhakikisha kwamba ufunguo wa siri wa kusainia programu unakaa ndani ya kifaa maalumu ambacho hauwezi kunakiliwa, si kwenye diski ya kawaida ya kompyuta.

Linalonisikitisha zaidi ni la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, kwa sababu nilikuwa naitumia. Toleo lake la 5.33, lililotoka tarehe 15 Agosti 2017, lilikuwa na sahihi halali kabisa ya mwenye programu, limepakuliwa kutoka tovuti yake halisi, na bado ndani yake mlikuwa na virusi. Wadukuzi walikuwa wameingia mahali programu inakotengenezwa, kabla haijafika kwenye kusainiwa. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walilipokea. Hapo mtu wa kawaida hana la kufanya isipokuwa kuwa na nakala za kazi zake mahali pengine, na kutojaza kompyuta programu asizozihitaji. Nasema hivi ili usiondoke hapa ukidhani kichupo kimoja kinatosha. Lakini mashambulizi ya namna hiyo yanahitaji watu wenye uwezo mkubwa. Lililonipata mimi halikuhitaji lolote ila haraka yangu.

Kuna upande wa pili unaowachanganya watu: programu nzuri isiyo na sahihi. Cheti kinagharimu fedha kila mwaka, na baadhi ya watengenezaji wa programu za bure hawanunui. Mfano ninaokutana nao dukani ni 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili ya zipu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa bila sahihi, kwa hiyo nayo hutoa dirisha la njano. Hapo natafuta njia nyingine. Napakua kutoka tovuti ya mwenyewe tu, na watengenezaji wengi huandika kando ya faili heshi ya SHA-256, ambayo ni njia mojawapo ya kupiga ile hesabu. Nafungua dirisha la amri la Windows, naandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na inatoka namba ya herufi 64. Nalinganisha nane za mwanzo na nane za mwisho, na kama faili ni la muhimu nalinganisha zote. Usikubali kutegemea MD5, njia ya zamani ya kupiga heshi, ilivunjwa zamani. SHA-1 nayo ilivunjwa hadharani mwaka 2017.

Ila heshi iliyoandikwa kwenye ukurasa uleule ulikopakulia ina udhaifu wake: aliyeiteka tovuti anaweza kubadilisha vyote viwili. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ilidukuliwa, na viungo vya toleo la 17.3 Cinnamon vikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa siri. Kwa faili lisilo na sahihi huwa naipeleka heshi yake VirusTotal kwanza, ambako faili linakaguliwa na injini za antivairasi zaidi ya sitini kwa pamoja. Natafuta kwa heshi, sipakii faili lenyewe likiwa na mambo ya mteja, maana ukipakia wengine wanaweza kuliona.

Jambo moja dogo lililonitisha bure: utakuta sahihi ambayo cheti chake kimeshaisha muda. Usikimbie. Kama faili liligongwa muhuri wa saa siku lilipotiwa sahihi, wakati cheti kiko hai, sahihi inaendelea kuwa halali. Lile dirisha la "Details" linaonyesha muhuri huo wa saa chini.

Na simu. Wateja wananiletea simu zao niwawekee programu walizotumiwa kwa WhatsApp kama faili la APK. Android ina ulinzi mzuri ambao watu hawaujui: toleo jipya haliwezi kuwekwa juu ya la zamani kama halikusainiwa kwa ufunguo uleule. Ndiyo maana matapeli huwaelekeza watu, "futa kwanza ile uliyo nayo, kisha weka hii." Mama mmoja alikuja na maelekezo hayo kuhusu programu ya benki yake. Nikamwambia, "Mama, anayekwambia ufute ya kwanza ni kwa sababu yake haitakubaliwa ikikuta ya kweli ipo." Tukaiacha.

Gharama yangu yote, nikijumlisha diski mpya, diski ya nje ya kuhifadhia nakala, nauli za shemeji, fedha nilizowarudishia wateja na siku kumi na moja ambazo nusu ya duka ilikuwa imelala, ilikaribia laki nane. Wahalifu hatukuwalipa. Diski ya nje nachomeka saa moja usiku, nanakili, nachomoa, maana ikikaa imechomekwa nayo itafungwa pamoja na zingine. Akaunti ninayofanyia kazi mchana haina ruhusa ya kuweka programu, inabidi niandike nywila ya akaunti nyingine. Usumbufu huo niliutaka mwenyewe, unanilazimisha kusimama na kusoma jina.

Ripoti ya yule binti tuliichapa upya. Sura tatu za kwanza alikuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Ya nne na ya tano tulizitoa kwenye madodoso yake ya karatasi, yeye akisoma namba kwa sauti na mimi nikichapa, usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mume wangu akituletea chakula. Msimamizi alimwongezea siku mbili. Aliikabidhi Jumatano.

Ile diski ya zamani sikuifuta. Shemeji aliifunga kwenye bahasha ya khaki, akaandika juu yake tarehe na kile kitambulisho kirefu cha kwenye karatasi ya madai. Iko kwenye droo ya chini, pamoja na risiti. Imewahi kutokea kwa virusi vingine kwamba wahalifu wakakamatwa au funguo zikavuja, na mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na makampuni ya usalama, huweka wazi bure vyombo vya kufungulia vinapopatikana. Kila baada ya miezi michache naandika kitambulisho kile na kuangalia. Bado. Bahasha nairudisha kwenye droo.